Gari limejaa chumvi ya barabarani: kwenye vibanda vya kujioshea nitumie maji ya moto au ya baridi?

BintiMuheza (Brooklyn Park, Minnesota)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Naomba msaada wa wanaojua magari, hasa mlioko huku kwenye theluji.

Naendesha Toyota RAV4 ya mwaka 2013, nyeupe. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo kutwa niko barabarani, natoka kwa bibi huyu naenda kwa babu yule, na tangu Desemba barabara zote zinamwagwa chumvi. Gari limegeuka la kijivu. Ukigusa mlango unatoka na unga mweupe mkononi, na nikiinama kuchungulia uvunguni naona mabonge ya barafu chafu yameng'ang'ania nyuma ya matairi.

Karibu na ninapokaa kuna kituo cha kujioshea, vile vibanda vilivyo wazi mbele na nyuma. Unatumbukiza sarafu za senti 25 au unapitisha kadi, kisha unazungusha swichi kuchagua: sabuni ya presha, brashi ya povu, kusuuza, nta, na ile suuza ya mwisho isiyoacha madoa. Sabuni yao inatoka na mvuke, ya moto hasa. Ukihamia kusuuza, maji ni ya baridi. Mbele zaidi kuna kituo kingine kimebandika bango kwamba kwao maji ni ya moto mwanzo mpaka mwisho, na bei yao inakaribia mara mbili ya hawa wa jirani.

Shemeji yangu ananisukuma niende huko kwa wenye bango, anasema chumvi haitoki kwa maji ya baridi, itabaki tu imejificha. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa hapa hapa, anasema nikimwagia maji ya moto gari lililoganda kioo kitapasuka na rangi itaharibika, bora nisubiri Machi. Nikimweleza mama kwa simu yeye haelewi kabisa tatizo liko wapi, kwetu Muheza gari linaoshwa kwa ndoo na kitambaa na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo nauliza. Ni kweli chumvi inataka maji ya moto? Kioo kinaweza kupasuka? Na nikiwa na dola 8 tu za kuoshea, nizitumie vipi? Gari hili ndilo linaloniweka kazini. Likioza sina jingine.

---

KakaWaStuttgart

Dada pole na baridi. Mimi niko Ujerumani, huku vibanda hivi ndivyo tegemeo letu, kwa sababu miji mingi hairuhusu uoshe gari kwa sabuni mtaani mbele ya nyumba. Maji machafu yanatakiwa yapite kwenye kichujio cha mafuta kwanza, na mtaani kichujio hakipo.

Mpangilio wa huku hautofautiani sana na wako. Programu ya kwanza ni presha yenye sabuni na maji ya moto kiasi, inafuata brashi, kisha suuza ya baridi, nta, na mwisho maji yaliyotolewa madini ili gari likikauka lisibaki na vidoa vyeupe. Sarafu ya euro 1 inakupa dakika chache, na ukichelewa kubadilisha programu pesa inaliwa na wewe umesimama tu.

Mimi nasema nenda kwenye maji ya moto kama mfuko unaruhusu. Vumbi jeusi la breki kwenye rimu, wadudu waliokaukia kwenye bampa baada ya safari ya barabara kuu wakati wa kiangazi, mafuta ya barabarani kwenye vizingiti vya milango, vyote vinaachia upesi maji yakiwa ya moto. Ya baridi unasugua mpaka bega linauma. Na vidole vyako je? Kushika lile bomba la baridi mwezi wa kwanza si mchezo.

---

MzeeWaPresha (St. Paul, Minnesota)

Marahaba mwanangu. Hapa umegusa kazi yangu kabisa, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu. Natengeneza pampu, boila na mabomba ya vituo vya kujioshea, hapa St. Paul, Minneapolis na vitongoji vyake, na Brooklyn Park nafika mara nyingi. Watu wanaonunua maji ya moto wakidhani wananunua usalama wa gari nawaona kila msimu, na wanaondoka uvungu ukiwa vilevile. Jambo hilo linaniuma kwa sababu wengi ni watu wetu, wanaohesabu kila dola.

Tuanze na chumvi yenyewe. Nyingi inayomwagwa barabarani ni ileile ya jikoni, ila chafu na ya chengachenga. Tabia moja ya chumvi hii ni kwamba haijali sana joto la maji. Lita moja ya maji yaliyo kwenye nyuzi 0 inaweza kuyeyusha gramu 357 za chumvi. Lita hiyohiyo ikifika kuchemka, nyuzi 100, inayeyusha gramu 391. Basi, tofauti yote ni hiyo. Sukari haiko hivyo, yenyewe ukipasha maji inaingia nyingi mno kuliko kwenye ya baridi, na nadhani ndiko mawazo ya shemeji yako yanakotoka, maana sote tumekoroga sukari kwenye chai tangu utotoni. Lakini chumvi iliyobaki kwenye bampa lako ni kidogo sana ukilinganisha na maji yanayotoka kwenye ile bunduki. Pampu za vibanda hivi zinasukuma karibu galoni 3 au 4 kwa dakika, yaani lita 11 mpaka 15. Maji hayo hata yakiwa ya baridi kabisa yana uwezo wa kubeba chumvi yote ya gari lako, mradi tu yaifikie.

Kuifikia ndiko kwenye kazi. Chumvi unayoiona mlangoni inachukiza macho, ila iko juu ya rangi, na rangi ikiwa nzima haina madhara makubwa. Inayokula gari ni ile usiyoiona: ndani ya madigadi, juu ya mikono ya saspensheni ya nyuma, kwenye mabomba ya breki yanayopita chini, kwenye mshono wa ndani wa kizingiti cha mlango, na kwenye ukingo wa chini wa mlango wa buti. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na tope la chumvi, mlango unaozea ndani kwa ndani na wewe nje unaona rangi nyeupe safi. Mtu anaweza kulipa bei ya bango lile, akaosha boneti na paa kwa maji yanayofuka mvuke, akapiga nta, asielekeze bunduki chini hata mara moja. Huyo ameosha picha ya gari.

Sasa moto nao una kazi yake, na kaka wa Stuttgart hajasema uongo. Moto ni wa mafuta. Barabara ina oili, grisi na masizi ya eksozi, na vyote hivyo vinachanganyika na chumvi vinakuwa utando wa kunata. Utando ule ukipata moto unalegea na sabuni inafanya kazi haraka. Ndiyo sababu hasa mashine za presha za maji ya moto zilitengenezwa, mvumbuzi Mjerumani Alfred Kärcher alitoa ya kwanza ya Ulaya mwaka 1950 na hadi leo shida inayozileta karakana na viwandani ni grisi. Kazi ya pili ya moto ni barafu. Yale mabonge uliyoyaona nyuma ya matairi ni barafu iliyofunga chumvi na mchanga ndani yake, na maji ya nyuzi 3 yakipiga bonge hilo kwenye hewa ya nyuzi hasi 15, mengine yanaganda palepale. Sabuni ya moto inaliachisha, linadondoka zima.

Kwa hiyo kituo cha jirani yako kimepangwa kwa akili: moto kwenye sabuni, baridi kwenye suuza. Sababu yake ya pili ni gharama. Minneapolis, kwa mfano, inavuta maji yake kutoka mto Mississippi, na wakati huu yanaingia kwenye bomba yakiwa karibu kuganda. Kupandisha lita 15 za maji hayo kila dakika kutoka nyuzi 5 hadi 45 kunataka nguvu ya takriban kilowati 42, sawa na kuwasha birika za umeme kama ishirini kwa pamoja, na hicho ni kibanda kimoja tu. Mwenye kituo cha vibanda vitano anayekusuuzia kwa maji ya moto lazima akulipishe gesi hiyo. Hakuibii. Ila wewe unalipia joto ambalo chumvi yako haikuliomba.

Kuhusu rangi, mwenzako wa kazini aondoe wasiwasi. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri kwa joto linalozidi mara mbili ya maji yoyote ya kibandani. Kioo ndicho cha kuangalia. Kioo kizima kinavumilia, lakini kama kimepigwa kokoto na kina kovu, usipige maji ya moto juu yake gari likiwa limetoka nje kwenye baridi kali. Upande wa nje unatanuka ghafla, wa ndani haujatanuka, na kovu linageuka ufa unaokimbia mpaka pembeni. Anza chini, kwenye matairi na madigadi. Ukifika juu, kioo kimeshapata muda.

La kusubiri Machi, hapana. Nakuomba mwanangu usisubiri Machi. Kutu inataka unyevu na joto kidogo. Kwenye baridi kali kila kitu kimeganda na kutu inakwenda polepole sana. Inakimbia pale theluji inapoanza kuyeyuka na gari linashinda limelowa maji ya chumvi, na Machi ndiyo yenyewe. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chumvi ya kawaida huacha kufanya kazi vizuri barabara ikishuka chini ya nyuzi hasi 9, huku wanasema 15 kwa Farenhaiti, kwa hiyo kwenye baridi kali zaidi wanaongeza magnesi kloraidi au kalsi kloraidi, aghalabu ya maji. Dawa hizi zinavuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida inaanza kulowa yenyewe hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75. Magnesi kloraidi inalowa hata asilimia 33. Maana yake gari linaonekana limekauka kumbe uvunguni bado bichi, hasa ukililaza kwenye gereji yenye joto.

Dola 8 zako sasa. Usianze na sabuni. Anza na suuza ya baridi ya presha, na kwa sehemu kubwa ya muda wako inama. Madigadi yote manne, ndani kabisa, zungusha bunduki mpaka maji yanayodondoka yawe meupe. Kisha vizingiti kwa chini, nyuma ya bampa zote mbili, uvungu wa nyuma kwenye saspensheni, ukingo wa buti. Fungua kila mlango kidogo tu, upitishe maji upande wa chini bila kuelekeza ndani. Hapo ndipo uhamie sabuni ya moto, na mabonge yaliyogoma uyapige kwa hiyo. Sabuni panda nayo kutoka chini kwenda juu. Ukisuuza shuka kutoka paa kwenda chini. Tairi usilisogelee, bunduki ikae umbali wa sentimita 30 hivi, presha ya karibu inaweza kujeruhi ubavu wa tairi na jeraha lisionekane.

Brashi ya povu iache. Aliyekutangulia kibandani huenda aliosha pikapu iliyotoka kwenye machimbo, na mchanga wake umo kwenye nywele za brashi. Nta nayo iache hadi majira mazuri. Malizia na ile suuza isiyoacha madoa kama zimebaki sekunde, maji yake yamechujwa madini karibu yote, huhitaji kufuta.

---

BintiMuheza

Mzee wangu ahsante sana, Mungu akuzidishie. Nimemsomea shemeji na amenyamaza kwanza.

Nina mengine mawili. Kioo changu cha mbele kina kovu la kokoto kweli, upande wa abiria, dogo. Na mara ya mwisho nilipoosha, kesho yake saa kumi na moja asubuhi milango yote iligoma kufunguka, nikaingilia kwenye buti kwa kutambaa ndipo nikafika kwenye usukani. Mgonjwa wangu ananisubiri dawa. Sitaki yajirudie.

---

Njeri_Winnipeg

Pole sana dada, hiyo ya kutambaa kwenye buti tunaijua. Huku Winnipeg baridi inashuka mpaka hasi 30 na zaidi, na baridi ya namna hiyo chumvi haina maana, mitaani wanamwaga mchanga. Lakini barabara kubwa zina chumvi, kwa hiyo tunaosha.

Milango inagandishwa na maji yaliyobaki kwenye raba za pembeni, na hapa haijalishi uliosha kwa moto au baridi, maji ni maji. Ukitoka kibandani usiende nyumbani moja kwa moja. Egesha pembeni, fungua milango yote na buti, futa raba na ile sehemu raba inapokaa kwa kitambaa kikavu, pande zote. Kisha funga na ufungue mara kadhaa. Halafu pandisha hita juu na uendeshe kwa muda kabla ya kuliegesha, ukikanyaga breki mara kwa mara ili diski zikauke. Breki ya mkono usiivute usiku huo kama umeegesha pa tambarare, weka P tu.

Kabla ya msimu nunua silikoni ya kupaka raba, iko ya kupuliza na iko ya fimbo. Unapaka mara moja, unapita nayo wiki nyingi. Usitumie mafuta ya kupikia kama nilivyoona mtu anashauri mahali fulani, yanavuta vumbi na raba inanata.

Halafu nikupe la saa. Usioshe jioni. Osha asubuhi ya saa nne au saa tano siku ambayo jua lipo, gari lipate mchana mzima wa kukauka.

---

Fundi_Likoni (Mombasa)

Salaam aleikum jamaa zangu. Dadangu, mimi niko huku kwenye joto, theluji sijaiona kwa macho, lakini kazi ya chumvi hiyo naiona kila mwezi ikiletwa juu ya meli.

Kenya twaruhusu gari kuukuu lisilozidi miaka 8, usukani kulia, kwa hiyo yaja mengi kutoka Japani na mengine Uingereza. Gari la Uingereza lifikapo gereji kwangu, juu lang'aa, viti vya ngozi, mwenyewe amefurahi. Nikiliinua kwa jeki nikaangalia chini, bolti zimekuwa unga. Spana haishiki, yazunguka tu. Nalazimika kupasha kwa moto wa gesi au kukata, na kazi ya saa moja yawa ya siku nzima. Magari ya Japani mengi ni safi, ila yakitoka Hokkaido, kaskazini kule kwenye theluji, nayo ni hivyohivyo. Mwenye kununua haonyeshwi picha ya uvungu, aonyeshwa boneti.

Kwa hivyo alivyosema mzee hapo juu kuhusu mabomba ya breki, tafadhali lichukulie kwa uzito. Nimelitoa bomba la breki kwa mkono likakatika. Gari hilo lilikuwa latembea barabarani na watoto ndani.

Hapa pwani twaosha kwa presha ya maji ya baridi tu, hakuna boila. Anayevuka feri kila siku namwambia apitishe maji matamu chini mara kwa mara kwa sababu ya bahari, na yatosha. Grisi ya injini ndiyo hututesa bila maji ya moto. Vijana wengine hupuliza dizeli au mafuta taa ili itoke upesi. Mimi siruhusu gerejini kwangu, raba za injini zafura na kulegea, na huo ni moto wasubiri cheche. Natumia sabuni ya grisi, naiacha ilowe, kisha brashi ya mkono.

---

KakaWaStuttgart

Fundi, hiyo ya bomba la breki imenishtua. Mzee, swali dogo: mimi kila Oktoba napuliziwa mafuta ya kuzuia kutu uvunguni. Je hayo yanabadilisha ushauri wako wa moto na baridi?

---

MzeeWaPresha

Yanabadilisha, tena vizuri umeuliza. Mafuta yale ni mafuta, na sabuni ya moto kazi yake ni kutoa mafuta. Ukipiga sabuni ya moto uvunguni kila wiki, unaosha kinga uliyolipia. Gari lenye mafuta hayo, uvungu lisuuze kwa maji ya baridi bila sabuni, na usisogeze bunduki karibu sana. Sabuni ya moto iishie kwenye bodi na rimu.

BintiMuheza, hilo nawe ulifikirie mwaka huu. Mwezi wa tisa au wa kumi, uvungu ukiwa umeoshwa na kukauka kabisa, puliziwa. Sasa hivi usipulizie, utafungia chumvi ndani.

Kovu la kioo lizibe kwanza, wanaingiza gundi ya maji kwenye tundu na inachukua muda mfupi. Piga simu kwa bima yako uulize, nyingi hulipia kuziba kwa sababu kubadilisha kioo kizima ni ghali kwao. Mpaka ulizibe, upande ule usipige sabuni ya moto kabisa, pitisha suuza ya baridi kutoka mbali.

Na Njeri amesema kweli kuhusu saa. Mimi ningengoja siku ambayo hewa imepanda kati ya hasi 5 na juu ya kuganda. Ikiwa baridi kali, vituo vingine vinafunga, na vilivyo wazi utaona bunduki inadondosha maji mfululizo hata hujaweka pesa. Hazijaharibika, watu hunipigia simu kulalamika. Tumeziacha zidondoshe makusudi ili maji yasigande ndani ya bomba, na chini ya sakafu ya kibanda kunapita mabomba ya maji ya moto yenye dawa ya kuzuia kuganda, ndiyo maana unaposimama hapatelezi. Ukikuta sakafu imeganda, usiingie kibanda hicho, nenda kingine.

---

BintiMuheza

Nimeelewa. La mwisho kabisa wazee wangu: zile mashine za kuingiza gari lote, unakaa ndani linajioshea, zina sehemu ya kupuliza maji chini. Mgongo wangu si mzima kwa sababu ya kuinua wagonjwa, kuinama kwenye madigadi manne sijui kama nitaweza kila mara. Naweza kubadilishana, leo kibanda, safari nyingine mashine?

---

MzeeWaPresha

Unaweza, na kwa mgongo wa namna hiyo nakushauri ufanye hivyo. Kuna kitu kimoja cha kuuliza kabla ya kulipa. Mashine nyingi za kuingiza gari zinazungusha maji yaleyale, yanaingia kwenye mashimo chini, mchanga unatuama, mafuta yanatengwa, kisha yanarudi kutumika. Lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka haitulii shimoni wala haitengwi na vichujio vya kawaida. Inabaki humo, na kila gari linaongeza yake. Vituo vingine vinatumia maji hayo kupulizia uvunguni, kwa sababu wanaona uvungu hauhitaji maji mazuri. Vingine wanatumia maji mapya. Kwenye vibanda vya kujioshea karibu kote unapata maji mapya, ndiyo sababu navipendekeza kwanza.

Kwa hiyo mkute mhudumu dirishani, umuulize: maji ya kupulizia chini ni mapya au yanazungushwa? Akisema mapya, lipia. Akisema yanazungushwa, au hajui, nenda kibandani, usuuze madigadi mawili ya nyuma na vizingiti peke yake, dola 3 zitatosha, ya mbele utamalizia siku nyingine mgongo ukipoa. Pia waulize kama wanauza kile kipande cha bomba kilichopinda cha kuoshea uvungu ukiwa umesimama wima. Baadhi ya vituo ninavyohudumia wanaruhusu mteja akiunganishe kwenye bunduki yao, wengine hawataki, kwa hiyo omba ruhusa kwanza.